Kuku Anayekufa na Kuku Anayeonekana Mzima: Utafiti wa Magonjwa ya Kuku na Usalama wa Chakula Chetu

Magonjwa yanayoua kuku na magonjwa yanayompata mtu kwa kula kuku huzungumzwa mara nyingi kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja, na mkanganyiko huo umeingia hata katika ushauri anaopewa mfugaji. Kirusi cha mdondo, ambacho huweza kumaliza kuku wa kaya nzima katika muda wa siku chache, hakimdhuru mtu aliyekula nyama iliyopikwa. Anayewashika kuku wagonjwa huweza kuwashwa macho kwa siku kadhaa, basi. Kampilobakta na aina kadhaa za Salmonela, bakteria ambao huwalaza watu kwa homa, kuhara na maumivu ya tumbo, hukaa matumboni mwa kuku kwa kawaida bila kuwasumbua. Kuku huyo hula, hutaga na kunenepa, wala hakuna mfugaji, hata awe na uzoefu wa miaka mingi, anayeweza kumtambua kwa kumtazama.

Kwa hiyo mtafiti wa magonjwa ya kuku ana kazi mbili zisizofanana: kumwokoa kuku anayekufa na kumchunguza kuku anayeonekana mzima. Kinachoziunganisha kazi hizo, na ambacho ndicho hoja yangu katika makala haya, ni dawa za antibaiotiki ambazo mfugaji hununua kwa hofu ya ugonjwa wa kwanza, na ambazo madhara yake huonekana katika ugonjwa wa pili. Nitakaa zaidi kwenye mdondo, kwa kuwa ndipo hofu hiyo inapoanzia kwa mamilioni ya wafugaji wa kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki.

Namna mdondo unavyothibitishwa

Mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri, ulitambuliwa na wanasayansi mwaka 1926 katika kisiwa cha Java nchini Indonesia na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza. Dalili zake wafugaji wengi wanazijua bila kusomeshwa. Kuku huzubaa na kujikunyata pembeni, manyoya yamemsimama. Hupumua kwa shida mdomo ukiwa wazi. Huhara kinyesi cha kijani. Na wale wanaovuka siku za mwanzo mara nyingi hupinda shingo, hutetemeka, au hupooza mguu na bawa. Katika kundi ambalo halijawahi kuchanjwa, vifo huweza kufikia karibu kuku wote.

Ugumu ni kwamba dalili hizo si za mdondo peke yake. Mafua makali ya ndege huua kwa namna inayofanana nao sana, kipindupindu cha kuku nacho huua ghafla, na homa ya matumbo ya kuku huleta kuhara na udhaifu. Mbili kati ya hizi zinasababishwa na bakteria na zinaweza kutibiwa kwa antibaiotiki. Mdondo na mafua ya ndege ni za virusi na hazitibiki. Mwaka 2017 mafua makali ya ndege yalipothibitishwa nchini Uganda, kwa ndege pori wa ufukwe wa Ziwa Viktoria na kwa kuku wa kufugwa, ilionekana wazi kwa nini hakuna serikali inayoweza kuridhika na jibu la kubahatisha kila kuku wanapokufa kwa wingi: ugonjwa mmoja huishia kwenye hasara ya mfugaji, na mwingine unaweza kuvuka kwenda kwa binadamu.

Uthibitisho huanza kwa kijiti chenye pamba. Mtaalamu huchukua ute wa kooni na kinyesi cha kwenye tundu la haja, akahifadhi sampuli hizo katika baridi hadi maabara. Kwa kijiji kilicho mbali na lami baridi hiyo ni mtihani, ndiyo maana watafiti wengi siku hizi hudondosha sampuli juu ya kadi maalumu za karatasi ambazo huua kirusi lakini huhifadhi vinasaba vyake bila jokofu. Kadi hizo zimerahisisha mambo mengi, ingawa kirusi kilichokwisha kufa husomwa tu vinasaba vyake. Hakiwezi kuoteshwa tena.

Anayetaka kirusi hai hutumia mayai yenye viinitete vya siku 9 hadi 11. Ganda hutobolewa, sampuli huingizwa kwenye majimaji yanayokizunguka kiinitete, tundu huzibwa, yai hurudishwa kwenye mashine ya kutotolea na kumulikwa kila siku ili kuona kama kiinitete bado kinacheza. Kikifa, majimaji yake huchanganywa na chembe nyekundu za damu ya kuku kwenye visahani vidogo. Mahali ambapo kirusi hakipo, chembe hizo huzama na kukusanyika katika kitone chekundu katikati ya sakafu ya kisahani. Mahali ambapo kirusi kipo, chembe hunaswa pamoja na kutanda kama utando mwembamba, kitone kisionekane. Lakini virusi vya mafua ya ndege navyo hunasa chembe za damu vivyo hivyo. Hivyo mtaalamu hurudia kipimo akiongeza kingamwili za mdondo, yaani askari wa mwili wanaokinasa kirusi hicho peke yake: zikizuia mnaso, kirusi ni cha mdondo. Kwa maoni yangu kipimo hiki cha zamani kinastahili heshima zaidi ya kinayopewa, kwa sababu hakihitaji mashine ya gharama kubwa na mkuu wa maabara ya wilaya anaweza kuliona jibu kwa macho yake.

Hata hivyo, kujua kwamba kirusi ni cha mdondo hakutoshi, kwa kuwa ziko aina za kirusi hicho ambazo ni pole kiasi kwamba hutumika kama chanjo. Tofauti kati ya ile inayoua na ile isiyoua imo katika protini moja ya juu ya kirusi, ambayo lazima ikatwe na kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi kama mkasi, cha kuku mwenyewe ndipo kirusi kiweze kuingia ndani ya seli. Katika aina pole, sehemu ya kukatwa hutambuliwa tu na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo, kwa hiyo maambukizi hubaki huko na kuku hupata mafua mepesi. Katika aina kali, sehemu hiyo imebadilika kidogo, na kimeng'enya kinachopatikana karibu katika kila seli ya mwili huweza kuikata. Kirusi husambaa hadi kwenye ubongo, wengu na mishipa ya damu. Siku hizi mpangilio huo husomwa moja kwa moja kutoka kwenye vinasaba, na usomaji huohuo umeonyesha kwamba kuku wa kienyeji wa Tanzania wamekuwa wakibeba virusi vikali vya zaidi ya tawi moja la ukoo wa mdondo, vikiwemo vya matawi ya V, VII na XIII, mara nyingine pamoja na magonjwa mengine ndani ya kuku mmoja.

Chanjo, joto na sokoni

Habari njema ni kwamba matawi hayo yote, kwa upande wa kinga, ni ya jamii moja. Chanjo iliyotengenezwa kwa kirusi cha miaka mingi iliyopita bado humkinga kuku asife kwa kirusi cha leo. Kilichokwamisha chanjo vijijini kilikuwa jokofu. Chanjo za kawaida, kama ile ya LaSota, zinahitaji kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi bandani, na huja katika chupa zenye dozi za kuku wengi kuliko alionao mama mwenye matetea manane na vifaranga vyake.

Suluhisho lilitoka Australia, ambako Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland walichagua kirusi pole kinachostahimili joto, kinachoitwa I-2, wakakitoa bure kwa nchi zinazotaka kujitengenezea chanjo. Ikikaushwa vizuri na kutunzwa gizani, chanjo hiyo hubaki na nguvu kwa wiki kama 8 katika joto la nyuzi 28. Tanzania huizalisha yenyewe kupitia Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inatolewa kwa tone moja la jicho, dozi ileile kwa jogoo na kwa kifaranga, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne.

Urahisi huo una masharti ambayo hayaonekani kwa haraka. Maji ya bomba yenye klorini huua kirusi cha chanjo, kwa hiyo maji ya kuchanganyia huchemshwa na kupozwa siku moja kabla. Kichupa cha kudondoshea hushikwa wima, kwa kuwa kikiinamishwa ukubwa wa tone hubadilika na dozi huharibika. Mchanjaji huuweka uso wa kuku jicho likitazama juu, hudondosha, na hasogei mpaka kuku apepese. Tone likimwagika shavuni kuku huyo hakuchanjwa, hata kama jina la mwenye kuku limeandikwa daftarini. Vifaranga wa mama aliyechanjwa huanguliwa wakiwa na kingamwili kutoka kwenye kiini cha yai, nazo huweza kuizima chanjo inayotolewa mapema mno. Na kuku ambaye tayari amebeba ugonjwa siku ya kuchanjwa atakufa kwa ugonjwa huo, kisha kijiji kizima kitasema chanjo imeua kuku. Nadhani chanjo hupoteza imani ya watu kwa sababu hii kuliko kwa sababu nyingine yoyote, na hakuna maabara inayoweza kuirudisha imani hiyo isipokuwa mchanjaji alishaeleza kabla.

Lipo pia suala la soko. Ugonjwa unapoonekana, mwenye kuku huwahi kuchinja au kuuza kabla hawajawa vibudu, jambo ambalo kwa upande wake ni la busara, kwani ndiyo akiba yake inayoteketea. Kuku hao huingia kwenye matenga, hupakiwa juu ya basi au bodaboda pamoja na kuku wa vijiji vingine, na kirusi husafiri. Zaidi ya hapo, kuku aliyechanjwa hulindwa dhidi ya kifo, lakini bado huweza kuambukizwa na kutoa kirusi kwa siku chache bila dalili. Mtafiti anayehesabu mizoga peke yake atadhani kirusi kimetoweka mahali ambapo kimenyamaza tu.

Njia ya pili inayochunguzwa ni vinasaba vya kuku wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Ghana na vyuo vya Marekani, kikiwemo cha California kilichopo Davis, waliwaambukiza mdondo kuku wa aina za Kuchi, Ching'wekwe na wale wa umbo la kati wa Morogoro, wakapima kiasi cha kirusi walichotoa, kiasi cha kingamwili walizojenga na namna walivyokua, kisha wakatafuta sehemu za vinasaba zinazoambatana na kustahimili. Imeonekana kwamba sehemu ya uwezo huo hurithiwa, na hivyo unaweza kuongezwa kwa kuchagua wazazi. Naiunga mkono kazi hii kwa moyo wote, ila ni muhimu uchaguzi huo uzingatie kiasi cha kirusi ambacho kuku anakitoa na si uhai wake tu, vinginevyo tutapata kuku asiyekufa lakini anayewaambukiza wa jirani.

Bakteria wasioonekana

Upande wa pili, ule wa kuku anayeonekana mzima, mfano bora ni Salmonela wa aina ya Enteritidis. Bakteria huyu huweza kukaa katika ovari na mrija wa mayai wa kuku, akaingia ndani ya yai kabla ganda halijafanyika. Yai hilo ni safi nje, halina ufa wala harufu. Huanza na bakteria wachache, na ute mweupe huwazuia kuzaliana. Lakini kadiri yai linavyokaa kwenye joto ndivyo utando wa kiini unavyolegea, virutubisho huvuja, na bakteria huongezeka. Ndiyo maana trei la mayai lililokaa juani mbele ya duka linanitia wasiwasi zaidi kuliko yai lenye uchafu kidogo wa kinyesi.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wagonjwa wa Salmonela hiyo waliongezeka mno, na mwaka 1988 naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alijiuzulu baada ya kauli yake kuhusu mayai kuporomosha mauzo. Kuanzia mwaka 1998 wafugaji wakubwa walianza kuchanja kuku wa mayai chini ya mpango wenye alama ya simba kwenye ganda, wagonjwa wakapungua sana, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo iliruhusu hata wajawazito kula mayai yenye alama hiyo yakiwa hayajaiva sawasawa. Kuku hawakuwa wakifa kwa bakteria huyo. Walichanjwa kwa ajili ya mlaji.

Kampilobakta ni mgumu zaidi. Hupenda joto la nyuzi 42 hivi, ambalo karibu ndilo joto la mwili wa kuku, na hujaa kwenye utumbo kwa mamilioni katika kila gramu ya kinyesi. Hakuna chanjo ya kuku dhidi yake inayotumika mabandani. Wakati wa kuchinja, utumbo ukipasuka, ama kuku wengi wakinyonyolewa baada ya kuchovywa kwenye sufuria moja ya maji ya moto, bakteria hubaki kwenye ngozi. Kuivisha nyama mpaka ndani humuua bila taabu. Hatari iko kwenye kisu na ubao uliokatia kuku mbichi kisha ukakatia nyanya na vitunguu vya kachumbari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa chakula kisicho salama na 420,000 hufa, huku Afrika ikibeba mzigo mkubwa zaidi ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Dawa zinazounganisha pande mbili

Antibaiotiki haiui kirusi. Lakini mfugaji aliyeamka na kukuta kuku watano wamelala chini hana maabara karibu. Ana duka la dawa za mifugo. Hupewa unga wa kuchanganya na maji, mara nyingi wa jamii ya tetrasaiklini, na wote hunyweshwa, wagonjwa kwa wazima. Wachache wanaonusurika huhesabiwa kuwa wamepona kwa dawa, ijapokuwa wengi wao wangenusurika bila dawa. Ni kweli kwamba mara nyingine dawa husaidia, hasa bakteria wanapomvamia kuku aliyekwisha dhoofishwa na kirusi, na mara nyingine ugonjwa wenyewe ulikuwa wa bakteria tangu mwanzo. Bila kipimo, hakuna anayejua, na mafanikio ya kubahatisha huwa desturi.

Wakati huohuo dawa hiyo imefika utumbo uleule wanamokaa Kampilobakta, Salmonela na Ekoli, bakteria mwingine wa utumbo. Wale wanaodhurika nayo hufa, wale sugu hubaki na nafasi yote. Marekani iliidhinisha dawa za jamii ya fluorokwinoloni kwa kuku katikati ya miaka ya 1990. Ndani ya muda mfupi Kampilobakta sugu waliongezeka kwa wagonjwa, ambao hutibiwa kwa dawa za jamii ileile, na baada ya mvutano ulioanza mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa iliondoa idhini ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005. Kwa Kampilobakta, badiliko moja tu katika jeni moja linatosha kuleta usugu huo, na badiliko lenyewe halimdhoofishi, kwa hiyo hata dawa ikiachwa sugu hao hawaondoki upesi.

Masalia ya dawa ni suala jingine, na kulipima kunahitaji umakini. Njia rahisi ni kuotesha bakteria wasio na madhara kwenye sahani ya agari, yaani rojo iliyoganda ya kulishia bakteria, kuchimba vishimo, na kutia humo sampuli ya yai: kama yai lina antibaiotiki, duara tupu hujitokeza kuzunguka kishimo. Lakini ute wa yai una kinga yake ya asili, kimeng'enya kiitwacho lizozimu, ambacho nacho huua bakteria na kufanya duara lilelile. Mtafiti asiyechemsha sampuli kwa nyuzi 80 kwanza, ili kukiharibu kimeng'enya hicho, anaweza kutangaza kwamba mayai ya mji mzima yana dawa. Sampuli zinazoonyesha duara baada ya hapo ndizo za kupelekwa kwenye mashine kubwa kutaja dawa gani na kiasi gani. Kwa upande wa mfugaji tatizo ni la hesabu za kila siku: kuku wa mayai akinyweshwa dawa huendelea kutaga, chakula chake hununuliwa leo, na siku za kusubiri dawa iishe mwilini zilizoandikwa kwenye paketi humaanisha trei ambazo haziuziki.

Tanzania na Kenya zote zilitoa mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa kuanzia mwaka 2017, ikihusisha wizara za afya na mifugo kwa pamoja. Hata hivyo, kwa kawaida anayechunguza mdondo na anayechunguza usugu ni watu wa miradi tofauti, wenye fedha tofauti na daftari tofauti. Utafiti uliofanyika Kaunti ya Siaya, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kinachowezekana: kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu, kuku wa baadhi yake wakachanjwa dhidi ya mdondo kila baada ya miezi michache, na watoto wa kaya hizo wakaonekana kula vyakula vitokanavyo na wanyama zaidi na kukua vizuri zaidi. Kwa mpangilio huohuo ningependa kuona jambo moja likiongezwa: risiti au paketi za dawa za mifugo za kila kaya zihesabiwe msimu kwa msimu, na kinyesi cha kuku wa pande zote mbili kichukuliwe ili kupima usugu wa Ekoli na Kampilobakta. Mchanjaji tayari anapita nyumba hadi nyumba na daftari lake mkononi. Kijiti cha pamba na safu mbili zaidi katika daftari hilo vingetosha kuanzia.